Kipimo cha Moja Hadi Saba

Oulu, Desemba. Saa nane mchana
na jua limeshachoka.
Nimekuja na kishikwambi, maswali ishirini na mawili
na sauti niliyofundishwa: isiyosukuma, isiyovuta.
"Kwa kipimo cha moja hadi saba,
moja ikiwa sikubali kabisa,
saba ikiwa nakubali kabisa:
Najiona mmoja wa kizazi changu."

Mzee Tauno wa chumba cha tatu
alinipa saba kabla sijamaliza kusoma.
Saba, binti, na lijalo saba, na linalofuata.
Kizazi chetu hakikudeka. Kizazi chetu
kilikula maganda ya viazi kikashukuru.
Akagonga meza, vikombe vikaitikia.
Nikabonyeza saba mara ishirini na mbili.
Mashine ilifurahi.

Bibi Aune Karppinen, chumba cha tisa, hakugonga kitu.
Alikuwa akimenya chungwa kwa kisu cha siagi,
ganda likishuka refu, halikatiki.
Kizazi changu, alisema. Kipi?

Nikamsomea maelezo ya ukurasa wa nne:
watu waliozaliwa karibu na mwaka wako,
wakapitia uliyopitia.
Akacheka puani.
Hapo kuna maswali mawili, mwanangu,
umeyafunga kamba moja.

Kuzaliwa, tulizaliwa wengi.
Dada yangu Helvi alinitangulia mwaka mmoja,
kitanda kimoja, chawa wale wale.
Lakini mwaka wa arubaini na nne
nilivishwa kipande cha karatasi ngumu shingoni:
jina, namba, mji wa kushukia,
nikapandishwa treni ya kwenda Uswidi.
Helvi alibaki. Alikuwa na kikohozi,
na siku ile wenye kikohozi hawakupokelewa.

Miaka miwili.
Niliondoka na lugha moja, nikarudi na nyingine.
Mama yuko kituoni, ananiambia maneno,
naona mdomo unafunguka, unafumba,
nami namjibu kwa adabu, kama mtu
anayemjibu mwenye duka, kwa Kiswidi.
Helvi ndiye aliyetafsiri.
Kiswidi hakukijua hata neno;
alitafsiri kwa kunishika mkono.

Basi andika saba, alisema,
kwa wale wa behewa lile: mvulana wa Kemi
aliyejikojolea akamsingizia mwanasesere,
mapacha waliokataa kuvua viatu hata usiku.
Hao ndio rika langu. Majina yao
sikuyasikia, niliyasoma vifuani.
Na andika moja kwa wengine wote
ambao tuligawana kalenda tu.

Nikabonyeza saba. Nikabonyeza moja.
Moja ikiingia, saba inafutika.
Kishikwambi kikaandika kwa wekundu:
Chagua jibu moja.

Nimwambie nini? Kwamba ofisini
ipo safu ya watu kama yeye,
inaitwa Jibu Limekosekana,
na tukitafuta wastani
tunawaruka kama dimbwi?
Niliweka nne. Katikati.
Nikaona haya, nikaifuta.

Akanigawia chungwa:
vipande vinne mimi, vitano yeye.
Helvi angesema ngapi? nikauliza, nje ya maswali.
Helvi? Akatazama dirisha,
ambalo giza limelifanya kioo.
Helvi alikuwa saba tupu, kama huyo wa chumba cha tatu.
Kila siku ya uhuru aliwasha mishumaa miwili dirishani,
kama nyumba zote.
Mmoja, alisema, ni wa nchi.
Wa pili hakusema ni wa nani, ila aliuweka
upande wa barabara inayokwenda stesheni,
hata nilipokuwa nimeketi pale pale mezani, namtazama.

Akafuta kisu kwa leso.
Haya, binti. Swali la pili.